8-51 si tarehe ya kuzaliwa: kulisoma behewa la tangi la zamani

Swali: Shikamoo mzee. Nimezaliwa Tanga, sasa naishi Pennsylvania, na kila Jumamosi najitolea katika jumba dogo la makumbusho ya reli. Nyuma ya karakana tunalo behewa la tangi jeusi, la ribiti (mabamba yameunganishwa kwa pini za chuma), lenye kuba moja katikati. Ubavuni limeandikwa UTLX na namba ambayo tarakimu mbili za mwisho zimefutika. Chini, upande wa kulia, pamebaki "8-51". Bodi inataka bango la maelezo kabla ya msimu wa wageni, na wenzangu wameshakubaliana liandikwe "Lilitengenezwa Agosti 1951". Fundi mmoja mzee anabisha, anasema ni la zamani zaidi. Nani mkweli, na nitathibitishaje?

Jibu: Marahaba, binti yangu. Nisalimie huyo fundi, na bango lisichapishwe kwanza. Behewa lenyewe sijaliona, lakini kwa maneno yako mawili tu, "ribiti" na "8-51", mimi niko upande wake.

Ubavu wa behewa la mizigo la Marekani ni kama kadi ya kliniki ya mtoto. Kila anayelipima anaandika tarehe yake na kuondoka, na anayefuata anapaka rangi juu na kuandika yake. Kuna tarehe ya kupima uzito wa behewa likiwa tupu, nayo hukaa kando ya herufi LT WT, mara nyingi na herufi mbili tatu za kituo ulikopimwa. Kuna tarehe ya kupima tangi kwa shinikizo la maji. Kuna tarehe ya kupima valvu za usalama, kwa kawaida kwenye mistari hiyohiyo midogo ya TANK TESTED na SAFETY VALVES TESTED. Halafu kuna ile ya kubadilisha matambara yaliyoloweshwa mafuta ndani ya maboksi ya ekseli. Matambara hayo ndiyo yaliyolainisha beringi za zamani, na yalibadilishwa mara kwa mara, kwa hiyo tarehe yake ndiyo inayobadilika kuliko zote. Tarehe ya kutengenezwa hutambulishwa kwa herufi BLT, au neno NEW kando ya uzito wa mwanzo. Tarehe isiyo na neno lolote kando yake ni yatima; huwezi kuipa baba kwa sababu tu inafanana na mtu unayemjua.

Nasema hivi kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kuipa baba asiye wake. Miaka mingi iliyopita niliandika maelezo ya behewa moja la tangi, nikasema ni la 1948, kwa sababu 1948 ilisomeka vizuri kabisa chini ya uzito. Bango likakaa misimu miwili. Siku moja akaja mzee aliyestaafu ukaguzi wa mabehewa, akalisoma, akacheka kidogo, akaniambia nivue glavu. Akaushika mkono wangu akauweka kwenye kichwa cha tangi, yaani lile bamba la duara linalofunga tangi upande wa mwisho, karibu na katikati yake. Chini ya rangi vidole vyangu vikakuta mabonde: 103, kisha herufi za kiwanda, kisha 3-29. Behewa lilikuwa la Machi 1929. Ile 1948 ilikuwa siku lilipopandishwa mizani.

Kwa hiyo anzia hapo alikoniweka yule mzee. Kanuni za shirikisho zilitaka maelezo ya tangi yagongwe ndani ya chuma chenyewe, karibu na katikati ya vichwa vyote viwili kwa nje: namba ya daraja la tangi, alama ya mtengenezaji, na tarehe ya jaribio la kwanza la shinikizo, ambalo hufanywa tangi likiwa jipya. Herufi ni ndogo, hazizidi sana upana wa ukucha, na rangi ya miaka mingi huzijaza. Usikwangue. Nenda jioni na tochi, ilaze karibu ugusane na bamba ili mwanga upite sambamba na chuma, na mwenzako apige picha akiwa amesimama mbele. Kivuli kitajaa kwenye kila bonde. Kama tochi haikutosha, chukua karatasi nyembamba na penseli laini usugue kama watoto wanavyosugua sarafu. Anza na kichwa cha upande wenye gurudumu la breki ya mkono. Upande huo huitwa B, wa pili ni A, na ukiandika kumbukumbu zako kwa herufi hizo kila mtu wa reli atakuelewa.

Ukikosa maandishi ya kugongwa, kuna daraja lililoandikwa kwa rangi, na hapa ndipo behewa la tangi linapowazidi ndugu zake wote. Behewa la sanduku halikuambii umri wake kwa jina lake. Tangi linakuambia. Mwaka 1903 chama cha mafundi wakuu wa mabehewa kilitoa masharti ya kwanza ya pamoja ya kutengeneza mabehewa ya tangi. Mwaka 1917 yakapangwa madaraja kwa namba za Kirumi: daraja la I ni matangi yaliyokuwapo kabla ya 1903, la II ni yaliyotengenezwa kati ya 1903 na Mei 1917, na la III ni ya kawaida ya kuanzia hapo. La IV lilikuwa la petroli nyepesi zenye mvuke mkali, tangi likiwa limefunikwa kwa kizuia joto, na la V la gesi zilizogeuzwa maji. Ndiyo maana ukiona ARA II ubavuni (ARA ni American Railway Association, chama cha kampuni za reli), umeshasoma umri wa behewa bila tarehe yoyote. Mwaka 1927 ikaja ICC, Tume ya Biashara baina ya Majimbo, na namba zake: 103 kwa tangi la kawaida lisilo na koti, 104 kwa lenye kizuia joto, 105 kwa matangi ya shinikizo kubwa ambayo hayana bomba la kutolea chini, valvu zake zote zikikaa juu ndani ya kofia moja. Kuanzia Aprili 1967 kazi hiyo ikahamia Idara ya Usafirishaji, na herufi zikawa DOT. Kwa hiyo tafuta, kwa tochi ileile, kama ubavuni kuna ARA au ICC, na nini kinafuata. Ukiona III, tangi ni la baada ya Mei 1917, na karibu hakika la kabla ya 1927 au muda mfupi baadaye. Ukiona 103, ni la 1927 kuja mbele. Herufi W baada ya namba ingemaanisha limechomelewa, lakini wewe una ribiti, kwa hiyo usiitarajie.

Na hizo ribiti ndizo zilizonifanya nimwamini fundi wako kabla sijafika mwisho wa barua yako. Kufikia mwaka 1951 viwanda vya matangi vilikuwa vimeshageukia kuchomelea. Tangi jipya la ribiti Agosti mwaka huo lingekuwa kama gari jipya la leo lenye kabureta. Hesabu mabamba: je, mishono inazunguka tangi kama pete, au kuna bamba moja refu linalokwenda tangi zima chini na mengine yanakutana nalo ubavuni? Chora tu, hata vibaya. Mchoro huo utakuja kulinganishwa na picha za kiwandani. Kampuni ya American Car and Foundry, iliyoundwa 1899 kwa kuunganisha viwanda 13, iliyaita maumbo yake kwa mwaka: aina ya 7, 11, 17, 21, 27, yaani 1907, 1911 na kuendelea. Kiwanda chake kikuu cha matangi kilikuwa Milton, hukohuko Pennsylvania unakoishi. General American, mpinzani wake, ilikuwa na kiwanda East Chicago, Indiana. Kampuni ya Union, wenye herufi za UTLX kwenye behewa lako, nao walikuwa na maumbo yao wenyewe, mojawapo likiwa lile la Van Dyke la mwanzoni mwa karne ya 20, ambalo halina boriti ya katikati kabisa: tangi lenyewe ndilo linalobeba mvuto wa treni. Piga magoti uangalie chini. Kama kati ya bogi na bogi (yale magari madogo ya magurudumu yaliyo chini ya kila upande wa behewa) hakuna boriti, nipigie simu usiku huohuo.

Sasa chuma cha chini. Hapa watu hudanganyika kwa namna ya pili, kwa kudhani bogi na magurudumu yana umri wa behewa. Bogi hubadilishwa, magurudumu zaidi. Tarehe iliyo kwenye gurudumu la chuma cha kalibu inakuambia gurudumu lilimiminwa lini, basi. Lakini vitu hivi husaidia kwa njia nyingine, kama kisu kinachokata pande mbili. Bogi za zamani ziliundwa kwa paa bapa za chuma zilizopinda na kufungwa kwa boliti. Zilivunjika vibaya, na zikapigwa marufuku kwenye mabehewa yanayopita reli za kampuni mbalimbali mwanzoni mwa miaka ya 1940. Behewa lililokuwa kazini 1951 linapaswa kuwa na bogi za chuma cha kumimina. Kama lako lina zile za paa, basi ama lilikuwa likifanya kazi ndani ya uwanja wa kiwanda kimoja tu, ama kuna mtu aliyeliwekea bogi nyingine baadaye, na hilo nalo ni la kuandikwa. Breki vivyo hivyo: mfumo wa AB ulianza kuwa lazima kwa mabehewa mapya 1933, na ule wa zamani wa K, ambao silinda na tangi la upepo vimeungana kama chupa moja, ukakataliwa kwenye mabehewa ya kupita reli zote 1953. Ukikuta K chini ya behewa lako, umepata behewa lililoondoka barabarani kabla ya hapo, wala halikuwahi kurudi.

Unaona tunakoelekea? Mimi nashuku kwamba 8-51 haikuambii lilizaliwa lini. Inakaribia kukuambia lilistaafu lini. Fikiria: kama lingeendelea na kazi hadi 1956, mtu angeifuta 8-51 akaandika nyingine juu yake. Angalia pia mambo ambayo hayapo. Mwisho wa miaka ya 1960 mabehewa yalibandikwa vibao vya mistari ya rangi vya kusomwa na mashine kando ya reli. Mpango ule ulikufa 1977. Katika miaka ya 1970 tarehe za matengenezo zilianza kukusanywa ndani ya visanduku vyeusi vya kuchorwa kwa rangi, vyenye mpaka mweupe. Kama hakuna kovu la kibao wala sanduku jeusi, behewa halikufika huko likiwa hai. Thibitisha hili kwa tarehe nyingine zote utakazozipata, maana tarehe moja yatima haitoshi kutoa cheti cha kuzaliwa, na cha kifo pia haitoshi.

Tuje kwenye UTLX. Herufi ya mwisho X maana yake mmiliki si kampuni ya reli. Reli za Marekani zilikuwa na mabehewa yao ya sanduku na ya makaa, lakini matangi kwa sehemu kubwa waliyaachia wenye mafuta na wakodishaji. UTL ni Union Tank Line, iliyotokana na Star Tank Line ya 1866 na ikaingia mikononi mwa Standard Oil ya Rockefeller mwaka 1873. Washindani wa Rockefeller walilalamika kwa miaka kwamba wao wangeweza kuchimba na kusafisha, ila mabehewa ya kubebea yalikuwa ya Rockefeller. Mahakama Kuu ilipoivunja Standard Oil Mei 1911, Union ikasimama peke yake, na mwaka 1919 ikabadili jina kuwa Union Tank Car Company. Kwa bango lako, hii ina maana mbili. Kwanza, UTLX ubavuni haikuambii nani alitengeneza. Pili, haikuambii hata kama Union ndiyo iliyolinunua likiwa jipya, kwa sababu kwa miongo mingi kampuni hiyo ilinunua mabehewa ya wengine waliofilisika au waliochoka na biashara ya reli. Chini ya UTLX panaweza kuwa na herufi za mwingine.

Kuzitafuta hizo za chini usitumie msasa, nakusihi. Rangi nyeupe ya herufi za zamani ilikuwa na risasi, na ilidumu kuliko nyeusi iliyoizunguka. Matokeo yake chuma chini ya herufi kiliathirika kidogo kuliko pembeni, na herufi huacha mwinuko mdogo ambao huonekana kwa tochi ya kulala, au baada ya kupitisha kitambaa chenye maji asubuhi jua likiwa chini. Ukisugua kwa msasa utapoteza ushahidi na utavuta risasi kifuani. Na wala usiingie ndani ya tangi. Kila mwaka kuna mtu mahali fulani anayefungua kifuniko cha kuba "kuchungulia tu". Tangi lililokaa miaka 70 linaweza kuwa na mvuke wa mafuta au kukosa hewa ya kutosha, na pua yako haitakuonya. Kila unachohitaji kiko nje.

Namba yako iliyokatika ndiyo sehemu ninayoionea wivu. Tarakimu mbili zimepotea, kwa hiyo mabehewa yanayowezekana ni 100. Watu wengi hukata tamaa hapo. Wewe tafuta kwanza namba hiyohiyo mahali pengine: iliandikwa pande zote mbili na kwenye vichwa vyote viwili vya tangi, na mara nyingine kwenye fremu. Jua huchoma upande mmoja kuliko mwingine. Upande wa kaskazini wa behewa lililokaa miaka mahali pamoja mara nyingi umebaki na mengi. Kama kote zimekatika, nenda kwenye ujazo.

Tangi la behewa lilikuwa chombo cha biashara, na mafuta hayakupimwa kwa mizani kila safari. Nauli ilihesabiwa kwa galoni za tangi zikizidishwa na uzito wa kukadiria. Kwa mafuta ya taa na petroli ilikuwa pauni 6.6 kwa galoni. Ili hesabu hiyo iwe ya haki, kila tangi lilipimwa peke yake, na ujazo wake ukaandikwa kwenye kichwa hadi galoni ya mwisho. Matangi mawili ya "galoni 8,000" yaliyotoka kiwandani wiki moja yanaweza kuwa 8,066 na 8,091, kwa sababu mabamba yamekunjwa na watu. Na galoni hizo zilichapishwa, behewa kwa behewa, katika vitabu vya nauli vya ujazo wa mabehewa ya tangi ambavyo makarani wa reli walivitumia kuandika ankara. Kwa hiyo tafuta kwenye kichwa cha tangi namba ya galoni. Ukiipata, fungua kitabu hicho cha miaka ya 1940 kwenye kurasa za UTLX, shuka na kidole kwenye yale mabehewa 100, na uone ni mangapi yana galoni hizohizo. Niliwahi kubaki na matatu. Niliwahi kubaki na moja, saa nne asubuhi, ndani ya maktaba yenye ukimya, nikapiga meza kwa kiganja na mkutubi akanitazama kama mwalimu wa nidhamu.

Kama kichwa nacho kimefutika, pima. Mduara kwa kamba, urefu kwa futi, halafu hesabu. Hutapata galoni halisi, lakini utajua kama ni la 6,000, 8,000 au 10,000, na hilo pekee linaondoa nusu ya waliobaki. Pima na shingo ya ekseli ukiweza kufungua boksi: inchi 5 kwa 9 ni behewa la tani 40, 5½ kwa 10 ni la tani 50. Tani za huko ni za pauni 2,000. Usisahau kuba. Wageni wote hudhani ni mdomo wa kujazia. Ni kweli pia, lakini kazi yake hasa ni kuyapa mafuta nafasi ya kuvimba jua likiwaka bila kulipasua tangi, na masharti yalitaka nafasi hiyo isipungue asilimia 2 ya tangi. Watoto wa shule wanaielewa haraka ukiwaambia kwa nini chai haijazwi hadi ukingoni.

Kuhusu mahali pa kusoma, nitakupa njia fupi. Kitabu cha kwanza ni rejesta rasmi ya mabehewa, Official Railway Equipment Register, iliyokuwa ikitoka mara kadhaa kwa mwaka na kutaja kila mmiliki na mfululizo wa namba zake. Matoleo ya Januari 1943 na Januari 1953 yalichapishwa upya kwa ajili ya watu kama sisi, na kwako ni zawadi: kama namba zako zimo 1943, mjadala wa 1951 umekwisha siku hiyohiyo. Anza na hilo kabla ya yote, ni kazi ya dakika kumi. Kitabu cha pili ni Car Builders' Cyclopedia, kilichoanza kama kamusi mwaka 1879. Matoleo yake ya zamani yako bure mtandaoni, na michoro yake ya matangi ni mizuri kuliko picha. Picha za kiwandani za American Car and Foundry ziko St. Louis, kwenye maktaba ya reli ya Barriger iliyo ndani ya Mercantile Library. Waandikie kwa adabu, uwatumie mchoro wako wa mishono, usiwaulize "mna picha za tangi?" kwa sababu wanazo nyingi kuliko umri wako. Na kwa mwonekano wa kila siku, maktaba ya bunge, Library of Congress, ina picha ambazo Jack Delano alizipiga kwenye viwanja vya reli vya Chicago 1942 na 1943. Ukuza ukubwa wa juu kabisa, uache treni iliyo katikati, uangalie mabehewa ya nyuma. Humo utaona jinsi UTLX ilivyoandikwa hasa enzi hizo, ukubwa wa herufi na mahali pake. Makumbusho mengi yamepaka matangi yao rangi za kuvutia zenye majina ya kampuni za bia na asali. Mengi ya kweli yalikuwa meusi, yenye masizi, na herufi chache nyeupe.

Miaka hiyohiyo ya vita ndiyo inayoweza kulipa bango lako uhai, kama ukithibitisha kwamba behewa lilikuwapo. Nyambizi za Kijerumani zilipoanza kuzamisha meli za mafuta pwani ya mashariki mwaka 1942, mafuta ya Texas yalihamishiwa reli. Kabla ya vita treni zilileta mapipa machache mno mashariki. Kufikia katikati ya 1943 yalizidi 900,000 kwa siku. Matangi ya zamani, yale ambayo yangeuzwa chuma chakavu, yalitolewa vichakani, yakapimwa shinikizo, yakaungwa treni nzima nzima. Bomba la Big Inch lilifika Pennsylvania Agosti 1943 na kupunguza mzigo, na baada ya vita mabomba na malori yakayaacha matangi ya ribiti bila kazi. Behewa lenye 8-51 kama tarehe yake ya mwisho linaingia kwenye hadithi hiyo bila kulazimishwa.

Na kwa kuwa wewe ni wa Tanga, hebu nikupe kitu ambacho bodi yako hawakijui. Debe. Mafuta ya taa ya Marekani yalisafirishwa ng'ambo, hadi Asia na Afrika, ndani ya madebe ya galoni 5 za Kimarekani, mawili mawili ndani ya sanduku la mbao. Kwenye reli yalikwenda kwa mabehewa ya tangi; bandarini yakagawanywa kwenye madebe. Tangi moja la galoni 8,000 lilikuwa madebe 1,600. Bibi zetu walipimia mahindi kwa kopo ambalo ukubwa wake uliamuliwa na biashara hiyo. Wageni wa Pennsylvania watapenda kusikia hivyo kutoka kwako, kwa sauti yako, kuliko kusoma kwenye kibao.

Jambo jingine dogo, maana siwezi kulipita: mabehewa ya kwanza ya mafuta yalikuwa karibu na kwenu huko, kwenye visima vya Titusville, ambako Drake alipata mafuta 1859. Mwaka 1865 ndugu wawili, Amos na James Densmore, walifunga mapipa mawili makubwa ya mbao juu ya behewa bapa. Yalivuja na kupinduka, na ndani ya miaka michache tangi la chuma la kulala likachukua nafasi yake. James huyohuyo ndiye aliyekuja kumfadhili Sholes kutengeneza taipureta. Kila mara ninaposugua herufi za UTLX kwa penseli nakumbuka kwamba mtu mmoja alihusika na tangi na pia na kibodi ninayoandikia.

Bango basi. Kama wanalihitaji kabla hujamaliza, liandike hivi: "Behewa la tangi la ribiti, la Union Tank Car Company. Tarehe iliyobaki ubavuni ni Agosti 1951. Umri wake unachunguzwa." Hakuna neno hapo utakaloaibika nalo, na mgeni aliyewahi kufanya kazi reli atasimama, atalisoma, na huenda akavua glavu. Halafu nitumie picha tatu: kichwa cha upande wa B kwa tochi ya kulala, silinda ya breki, na mchoro wa mishono. Usianze na ubavu wenye UTLX, huo kila mtu ameshaupiga picha.